Apple na Huawei: Wakubwa wanashindana, hasara isikuangukie wewe

Septemba 9, 2024 kampuni ya Apple ya Marekani ilizindua simu ya iPhone 16, bei ikianzia Dola 799. Siku iliyofuata Huawei ya China ikajibu kwa Mate XT, simu yenye kioo kinachokunjwa sehemu tatu, iliyoanzia Yuan 19,999, karibu Dola 2,800. Zote ziliingia sokoni China Septemba 20.

Kwa wanaovusha simu mipakani, jambo zito si bei wala umbo. Mei 2019 Marekani iliiwekea Huawei vikwazo, na kuanzia Mate 30 ya mwaka huo simu zake kuu hutoka kiwandani bila huduma za Google. Play Store haimo.

Ushindani huu, basi, umegawa hata soko la programu. Mteja wa Bujumbura au Goma akikosa programu alizozoea, atarudisha simu kwako, na aliyekuuzia Guangzhou yuko mbali. Kabla ya kulipia mzigo, washa simu moja, ujaribu programu ambazo wateja wako wanazitegemea.