KUELEZA ZANA NI KAZI YA CHAMA CHETU

Kuna maneno yanayosemwa sana hapa shuleni siku hizi, hasa na wenzetu wanaosoma somo la Kompyuta. Ati insha imepitwa na wakati. Ati akili bandia itaandika kila kitu na sisi wa Chama cha Kiswahili tubaki kukariri ngeli. Mimi napinga. Ukiichunguza hiyo akili bandia yenyewe utakuta mahali ambapo inategemea insha ya maelezo, tena fupi, na ikiandikwa ovyo kazi yote inaharibika.

Mahali penyewe ni hapa. Kuna programu zinazoitwa mawakala (si wale wa kutoa pesa pale stendi). Wakala huyu hajibu maswali tu, bali hutenda: hutafuta kitabu, huandika miadi katika kalenda, hulipa. Ili atende hupewa zana. Kila zana ina jina, maelezo, na orodha ya vitu vya kujazwa. Sasa, wengi hawajui kwamba wakala haoni ndani ya zana. Anachokiona ni maandishi yale tu, na kutokana nayo anaamua atumie ipi na ajaze nini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini huyu mkulima mpya kuchagua jembe ndiyo kazi yake, na huchagua kwa kusoma karatasi iliyobandikwa mpinini.

Tuchukue kulipa kwa M-Pesa, jambo ambalo hata nyanya yangu analifahamu. Kuna kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu. Kuna Till ya duka. Kuna Paybill, ambayo inataka pia nambari ya akaunti, kama vile unapolipa karo. Tuseme mtu ameunda zana tatu na zote akaziandikia "Hutuma pesa". Basi! Wakala atajuaje? Wewe ungemwuliza mwenye duka, "Ni Till ama Paybill?" Kuuliza si ujinga. Lakini wakala anaweza kubahatisha tu na kuendelea, na karo ikipotea njia, atakayepanga foleni ni mzazi wala si kompyuta. Maelezo mazuri yangesema hivi: "Hulipa shule au shirika lenye nambari ya Paybill. Itumie ikiwa una nambari ya Paybill pamoja na nambari ya akaunti. Usiitumie kumtumia mtu binafsi wala kulipa Till. Kiasi kiandikwe kwa shilingi, bila koma." Umeona? Hiyo ni insha ya maagizo, ile ile tunayofundishwa, na kwa maoni yangu sentensi yenye maana kuliko zote ni ile inayokataza.

Halafu kuna saa. Mtu akimwambia wakala "niamshe saa moja asubuhi", sisi tunajua ni saa ambayo Mwingereza huita saba. Zana ikisema tu "jaza saa", wakala anaweza kujaza 1, kengele ikalia saa saba usiku na nyumba nzima ikaamka! Maelezo yaseme: "Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24. Mtumiaji akitaja saa za Kiswahili zibadilishe kwanza: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 1 usiku ni 19:00." Kwani nani atakayekumbuka kuandika hivyo kama si Mswahili? Tarehe nazo ni vivyo hivyo. 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, Marekani ni tarehe 4 Machi.

Na msidhani ni utoto. Mwaka wa 1999 shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa paundi na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Hapo hapakuwa na wakala wa akili bandia, walikuwa wataalamu wenye digrii zao.

Kuna watakaosema basi tuandike maelezo marefu kama gazeti. La hasha. Kwa kawaida wakala husoma maelezo ya zana zote alizopewa, kwa hivyo porojo ya zana moja humchosha katika zote. Kampuni ya Anthropic, ambayo Novemba 2024 ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol wa kuunganisha programu hizi na zana, hushauri angalau sentensi 3 au 4 kwa kila zana. Sentensi nne zilizonyooka si rahisi. Jaribu uone.

Ombi langu kwa mlezi wa chama ni mkutano mmoja muhula ujao pamoja na hao wanakompyuta. Wao walete zana, hata iwe ya kutafuta vitabu vya maktaba tu. Sisi tuandike maelezo. Kisha mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona apewe karatasi yetu peke yake aseme angejaza nini. Akikwama tunafuta, tunaandika upya, na tunamwita mwingine.