Mji Mdogo na Ulimi wa Jirani



Wiki hii tumependa tuzungumze juu ya maisha ya mji mdogo. Wengi katika sisi ama tunaishi katika mji wa namna hiyo, ama tulizaliwa humo tukahamia Mombasa au Nairobi, ama tuna mama na mashangazi ambao wako huko hadi leo. Mfano tutakaoutumia ni Lamu, kwa kuwa ni mji unaofahamika na wengi wetu, na mambo yake hayako mbali na ya Malindi, Faza au Vanga.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kaunti nzima ya Lamu, visiwa na bara pamoja, ilikuwa na watu 143,920. Katika mji wenyewe wa Lamu, kutoka Mkomani hadi Langoni ni mwendo mfupi wa miguu, na vichochoro vingi ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akipita, huna budi kujibanza ukutani. Mtu aishiye mahali kama hapo hawezi kuwa mgeni kwa jirani yake hata akitaka.

Upungufu wa mji kama huo haufichiki. Bidhaa nyingi hushuka jeti ya Mokowe zikavuka maji kwa mashua kabla ya kufika dukani, na bei hubeba nauli hiyo. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Mombasa. Kijana akimaliza kidato cha nne, masomo ya juu na kazi humwita mbali. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, lakini wazazi wangali wanawasindikiza watoto wao jetini.

Pamoja na hayo, wako wanaobaki, na wako wanaorudi. Kinachowashika ni kujuana. Mtoto asipoonekana chuoni, mwenye duka atamuuliza nyanya yake kabla ya adhuhuri. Bibi anayeishi peke yake asipofungua dirisha asubuhi, kuna atakayepiga hodi. Msiba ukitokea, habari ikishatangazwa msikitini, wanawake wa mtaa hufika bila ya kuitwa, huyu na mchele, yule na sufuria, na mwingine huwachukua watoto wa wafiwa akawalaze kwake. Katika mji mkubwa mengi ya haya hununuliwa kwa pesa, na asiye na pesa huyakosa.

Wazee waliojenga mji huu walielewa pia kwamba ukaribu una hatari zake. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja kuzitazama nyumba zake za mawe. Sisi tuzitazame kwa jicho jingine. Mgeni akifika hukutana kwanza na daka, lenye viti vya mawe, hapo hukaa na kuzungumza bila ya kuingia kwa watu. Akivuka mlango kuna tekani, na njia yake imepindishwa, ili mpita njia asione kiwandani hata mlango ukiwa wazi. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kilichovuka njia kikaunganisha nyumba mbili, na wanawake waliweza kutembeleana bila ya kushuka njiani. Kuta zinapakana, na jamaa hufikiana, lakini stara ya kila nyumba imehifadhiwa.

Ulimi, hata hivyo, hauzuiliwi na tekani. Tuchukue mfano wa binti aliyeachwa akarudi kwa wazazi wake. Mombasa huenda jambo hilo likajulikana na nyumba tatu au nne. Katika mji mdogo, talaka iliyotoka asubuhi huwa imefika mtaa wa pili kabla ya alasiri, na kila mlango unaopita huongezewa jambo. Siku hizi haihitaji hata kutembea, kwani makundi ya WhatsApp huibeba mpaka Jeddah na Muscat kabla ya mama mzazi kujua la kusema. Ukiuliza ushahidi, utajibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imevunja nyumba ngapi? Wako mabinti ambao riziki haikuwapungukia kwao, lakini waliondoka wakaenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, mbali na wazazi, kwa sababu hawakuweza tena kupita njiani huku barazani pamenyamaza kwa ghafla.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu ya wiki hii. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Mwenye shida akiificha hapati wa kumsaidia, na faida yote ya mji mdogo imesimama juu ya watu kuweza kuambizana shida zao. Palipo na ulimi mbaya, watu hujifunza kuficha. Mke anayepigwa huvaa buibui akasema amejikwaa ngazini. Nyumba iliyolala na njaa huinjika sufuria ya maji ili moshi uonekane. Mwenye maradhi ya kuonewa haya huchelewa kwenda kwa daktari, kwa kuwa karani wa zahanati ni jamaa ya jirani. Mambo yakifika hapo, mji huwa umebaki na shida za udogo wake peke yake: bei za juu, kazi haba, hospitali ya mbali, na juu yake upweke ule ule ambao watu huulaumu mji mkubwa.

Dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo katika hili. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, ikamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Mtume (S.A.W.) naye ametufahamisha kwamba Jibril alimuusia mno juu ya jirani, hata akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi.

Na historia ya Lamu yenyewe inatuonya tusifanye haraka kumhukumu mtu kwa yanayosemwa mjini. Habib Swaleh, ambaye asili yake ni Ngazija, alipoanza kuwasomesha watu wanyonge na waliokuwa watumwa, baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa naye. Leo ni Msikiti wake wa Riyadha unaowaleta watu Lamu kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki wakati wa Maulidi, na nyumba za mji huwafungulia wageni hao milango.

Basi mama zetu, dada zetu, na nyinyi akina baba mnaokaa barazani, kwani ghiba haina mwanamume wala mwanamke, tuanze na lililo ndani ya uwezo wetu. Habari ya mtu ikitufikia, tujiulize kwanza kama tunaweza kumfaa nayo. Tukiweza, tuipeleke kwa anayeweza kusaidia na kwake yeye tu. Tusipoweza, iishie kwetu. Tukijua kwamba nyumba fulani haina chakula, sahani ipelekwe baada ya isha na mtoto asiyeuliza maswali. Binti aliyeachwa, akishamaliza eda yake, aitwe harusini kama wenzake, aketishwe mbele, wala asiulizwe la mumewe. Na mwanamke akija kwetu na siri ya kipigo, tusimrudishe kwa kumwambia avumilie watu wasijue. Tumshike mkono, tumtafutie wazee waadilifu, kadhi au daktari, kisha tunyamaze kwa wengine wote.

Siri iliyowekwa kwetu ni amana. Mtaa ambao amana hizo ziko salama, mwenye shida atapiga hodi kabla shida haijamshinda, na watoto wetu waliokwenda mbali watakuwa na mji wa kurudia.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, azistiri nyumba zetu, na atujaalie kuwa majirani wa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.