"Mtoto huyu ni mubaya": tuulize kwanza aliona nini

Wazazi wa Mabalako, nanyi wachimbaji wa dhahabu, kuna neno tunalisikia sana hapa kwetu: "huyu mtoto ni mubaya". Anapiga wenzake, hasikii mtu, asubuhi anakukumbatia, mangaribi anakutukana. Shule inamufukuza. Kiisha baba anamuita kwenye shimo "apate akili".

Tuhesabu miaka yake. Mtoto aliyezaliwa 2010 alikuwa na miaka 4 mauaji yalipoanza Beni, Oktoba 2014. Alikuwa na 8 Ebola ilipotangazwa, tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia hapa Mangina. Ilipoisha Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa. Wengine waliona mama anabebwa na watu wasioonekana sura, na hawakumugusa tena. Nani aliketi na watoto wale, akawauliza?

Waganga wa akili wanajua jambo hili tangu zamani. Kati ya watu wazima wenye "trouble de la personnalité", zaidi sana wale wenye hasira isiyotulia na woga mukubwa wa kuachwa, wengi waliumizwa ao walitupwa wangali wadogo. Si kila yatima atafika pale, hapana, wengi hawafiki. Lakini mtoto aliyekaa na hofu kila siku, mwili wake unajifunza kulinda: mulango ukigonga, yeye tayari amekunja ngumi. Sisi tunaita ile jeuri.

Basi shimo si dawa. Kule kuna pombe, kuna ugomvi wa gramu, na kuna wakubwa wenye vidonda vyao wenyewe (tunajuana). Tena sheria ya migodi inatoa karte ya muchimbaji kwa mtu muzima tu. Mapedeje wa mashimo, munaijua.

Wakati wa Ebola tuliona njia ingine. Mjini Beni, Unicef ilifungua kreshi kando ya kituo cha matibabu, na wamama waliopona ndio walibeba watoto wa wagonjwa, wakawalisha, wakawaimbia. Wale hawakuwa waganga.

Tunaomba hivi: shangazi, mjomba, mwalimu, mmoja abaki na mtoto yule hata akitukana. Akijiumiza, ao asipolala wiki nyingi, mumupeleke kwa munganga. Butembo kuna CEPIMA. Na serikali ya jimbo iwalipe wasaidizi wa psikososio, kama wale wa wakati wa Ebola, wabaki Mangina hata kama hakuna mlipuko.