Wakala wa Bandarini na Beki wa Bunia

Vijana wenzetu, na ninyi dada na kaka mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo tunaomba tuongee mpira. Sio ule wa kubishana Messi na Ronaldo mpaka usiku. Tunaongea kwa sababu kuna mdogo wetu mmoja alikaa Bandari ya Bujumbura siku nzima, na begi lake na viatu vyake vya mpira, akimsubiri mtu ambaye hakuja.

Ana miaka 16. Anacheza beki wa kati, na anajua kweli, hilo hatumsifii bure. Kuna bwana alimwambia kwamba yeye ni wakala na ana njia: boti mpaka Kigoma, kutoka hapo Dar es Salaam, halafu ndege, halafu majaribio kwenye timu ya Ulaya. Mama yake anauza ndagala. Akakopa huku na huku, akatoa faranga laki tatu. Kijana akaambiwa, "Njoo bandarini asubuhi, na usimwambie mtu." Akaja. Saruji ikashushwa, malori yakaondoka, jua likazama nyuma ya milima ya Uvira, na simu ya yule bwana bado imezimwa. Sisi tunaobeba mizigo pale ndio tulimrudisha nyumbani. Njia nzima hakusema neno.

Watu wengi mtaani walimcheka. Sisi tunasema huyu mtoto si mjinga. Alidanganywa kwa kitu ambacho kina ukweli ndani yake. Saido Berahino alizaliwa hapa hapa Bujumbura mwaka 1993, akafika Uingereza kama mkimbizi akiwa na miaka 10, akacheza Ligi Kuu na West Brom. Gaël Bigirimana naye ni mtoto wa Bujumbura, na alifika mpaka Newcastle United. Halafu kuna yule ambaye mdogo wetu anampenda kuliko wote, kwa sababu ni beki kama yeye: Axel Tuanzebe, aliyezaliwa Bunia, kule Ituri, mwaka 1997. Ukiwa Mkongomani uliyekimbia vita, ukamuona mtu wa Bunia anamkaba Mbappé, kwa nini usiamini?

Shida ni kwamba tunapenda kuitazama picha ya mwisho tu. Hebu tuisome hiyo safari kutoka mwanzo, taratibu.

Tuanzebe aliondoka Kongo akiwa mtoto mdogo, pamoja na familia yake. Hawakuondoka kutafuta timu. Wakakaa Rochdale, mji ulio karibu na Manchester, na yeye akaanza shule kama watoto wengine. Akiwa na miaka 8 Manchester United wakamchukua kwenye akademi yao. Sasa hesabu na sisi: mechi yake ya kwanza kwenye timu kubwa ilikuwa Januari 2017, dhidi ya Wigan kwenye Kombe la FA. Alikuwa na miaka 19. Yaani miaka zaidi ya kumi ya kufundishwa, kulishwa, kutibiwa na kurudi nyumbani kulala kwao, kabla hajacheza hata dakika moja na wakubwa.

Na baada ya hapo? Akapelekwa Aston Villa kwa mkopo, na Mei 2019 akawa uwanjani Wembley walipoifunga Derby 2-1 na kupanda Ligi Kuu. Septemba mwaka huo huo United wakampa kitambaa cha unahodha kwenye Kombe la Ligi, na waliokuja kucheza nao walikuwa Rochdale, timu ya mji aliokulia. Halafu akaumia. Miezi inapita hachezi. Oktoba 2020 akarudishwa moja kwa moja kwenye Ligi ya Mabingwa, ugenini Paris, mbele yake Neymar na Mbappé. United wakashinda 2-1 na kila mtu akaimba jina lake.

Miezi mitatu tu baadaye, Januari 2021, United wakafungwa nyumbani na Sheffield United, na watu wakaingia kwenye kurasa zake kumtukana kwa sababu ya rangi yake. Mtu yule yule. Mwaka 2022 akaenda Napoli kwa mkopo, akacheza kidogo sana. Mwaka 2023 akaenda Stoke, na msimu ulipoisha mkataba wake na United ukaisha pia. Akiwa na miaka 25 akawa hana timu. Ipswich wakamchukua Septemba, na msimu huo huo wakapanda Ligi Kuu. Mwaka 2024 karibu apoteze kidole gumba, na hakuwa uwanjani, alikuwa anaosha vyombo nyumbani! Mwaka 2025 akahamia Burnley. Na leo, baada ya kuchezea timu za vijana za Uingereza, anavaa jezi ya Kongo.

Tumeyaandika yote haya kwa sababu moja. Katika safari hii nzima, tafuta mahali ambapo kuna bwana wa bandarini mwenye boti. Hayupo. Tuanzebe alifika Uingereza na familia. Berahino alimfuata mama yake aliyekuwa ametangulia. Bigirimana alifika akiwa bado mtoto, akaenda mwenyewe kuomba nafasi kwenye akademi ya Coventry, mji aliokuwa akiishi. Wote watatu mpira uliwakuta wakiwa tayari wana nyumba, shule na karatasi.

Na kuna sheria kila kijana anatakiwa aijue kwa kichwa. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine. Kuna visa vichache vinavyoruhusiwa, kwa mfano wazazi wakihamia huko kwa sababu zisizo za mpira, au mtoto aliyekimbia kuokoa maisha yake. Lakini wakala kumchukua mtoto wa miaka 16 Bujumbura na kumpeleka kwenye klabu ya Ulaya, hiyo haimo. Akikwambia "usimwambie mtu", ujue ni kwa sababu mtu akiambiwa atauliza swali.

Sasa tuwageukie ninyi wa mashirika, na tunasema kwa heshima. Tunashukuru kwa mipira na jezi za tarehe 20 Juni. Siku ya Wakimbizi inakuwa nzuri, picha zinapigwa, washindi wanapewa kikombe. Lakini tarehe 21 mwalimu hayupo. Tunaelewa kwamba kuna dharura. Mwanzoni mwa 2025 tuliwaona ndugu zetu waliovuka Rusizi wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, na hakuna mwenye akili angesema waondoke ili watu wacheze. Chakula kwanza, hema kwanza. Hata hivyo, yule wakala hafanyi kazi siku moja kwa mwaka. Yuko kila siku, anapiga simu, anauliza mtoto ameamkaje. Anayajaza mapengo mliyoyaacha.

Kwa hiyo tunaomba vitu vidogo, vya mwaka mzima. Mwalimu mmoja anayekuja kila wiki, hata kama mipira ni miwili. Karatasi ya kutoka kambini itoke mapema vijana wanapoalikwa kucheza mjini, isitoke mechi ikiwa imeisha. Vitambulisho visicheleweshwe, maana bila hivyo hata timu ya hapa Burundi itakuandikisha vipi? Na akiumia goti, atibiwe kama mgonjwa mwingine, asiambiwe "si ulikuwa unacheza".

Kwetu sisi vijana, tuache kumcheka aliyeibiwa. Ukimcheka, wa pili ataficha, na wa tatu atapanda hiyo boti kweli, na hapo hatujui atafikia wapi. Mtu akikupa ahadi ya majaribio, kabla hujatoa hata faranga moja, lete jina lake na jina la klabu. Tutakaa chini pamoja, tutaiandikia klabu na kuuliza. Ni kazi ya nusu saa kwenye simu.

Mdogo wetu amerudi mazoezini. Mama yake bado analipa deni, na tumekubaliana kila anayepata kazi bandarini atoe kidogo mpaka liishe. Jumapili iliyopita alicheza dakika zote tisini na hatukufungwa. Anayetaka kumuona aje Jumapili hii. Na kama wewe ni mwalimu wa mpira, njoo na filimbi.