Zege Bado Bichi: Neno kwa Wazazi Kuhusu Pombe, Vepu na Bangi



Shule zikifungwa watoto wanarudi nyumbani. Kwa hiyo neno la leo ni la wazazi, walezi na kila mtu anayeitwa mama au baba katika kanisa hili. Ni refu kidogo, lakini kaa nalo hadi mwisho. Fungua Danieli sura ya 1.

Danieli alikuwa kijana tu alipopelekwa Babeli. Mfalme alimwandalia masomo ya miaka mitatu, na pamoja na masomo akampangia chakula na divai kutoka mezani pake. Danieli akaazimia moyoni kutokugusa. Akaomba yeye na wenzake wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, na baada ya siku hizo nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine wote. Tunapenda kuhubiri tundu la simba na tanuru la moto. Lakini tazama vizuri: Babeli haikuanza na simba. Ilianza na kikombe, na ilianza na mwanafunzi.

Kikombe cha leo kimebadilika sura. Kuna pombe kali kwenye kichupa kidogo kinachoingia mfuko wa sare. Kuna biskuti iliyookwa na bangi, inayofanana na ile unayomnunulia mtoto dukani. Kuna vepu yenye umbo la kalamu au flashi, inayonukia embe. Mama anafua sweta, anaikuta mfukoni, anafikiri ni kifaa cha kompyuta na kukirudisha mezani kwa upole.

Msiseme haya ni ya watoto wa mataifa. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 uligundua kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Watumiaji wa bangi walizidi 500,000, karibu mara mbili ya idadi ya miaka mitano iliyotangulia. Na wapo walioonja pombe mara ya kwanza wakiwa na miaka 7. Huyo ni mtoto wa shule ya Jumapili, wapendwa. Bado anajifunza kukariri Zaburi ya 23.

Sasa nieleze kwa nini umri ni jambo kubwa hivi.

Fundi akimwaga slabu ya nyumba ya ghorofa haondoi miti siku hiyo hiyo. Anaimwagilia maji na kungoja. Ukiikanyaga juu unaona ni ngumu, lakini ndani haijakomaa. Ukiipakia mzigo mapema inapata ufa, na ufa huo unaweza kukaa miaka bila kuonekana.

Ubongo wa kijana uko hivyo. Mvulana wa miaka 16 anaweza kumpita babake kimo, sauti ikawa nzito na ndevu zikaanza kuchipuka. Lakini ubongo wake utaendelea kujengwa hadi karibu miaka 25. Sehemu inayokomaa mwisho ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso. Ndiyo inayopima matokeo, inayozuia hasira na tamaa, inayomwambia mtu "ngoja kwanza". Ile inayotafuta raha na msisimko hukomaa mapema zaidi. Kwa hiyo gari limeshawashwa na breki bado zinafungwa. Kileo kinaingia katikati ya kazi hiyo ya ujenzi.

Tuanze na pombe. Kwa kijana, pombe huumiza hasa sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu na ile ya maamuzi, zile zile anazozitegemea darasani. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na makumi ya maelfu ya watu. Kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu asilimia 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani. Kati ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa karibu asilimia 10. Wengine watasema watoto wanaoanza mapema mara nyingi wanatoka nyumba zenye shida tayari. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hilo halitupunguzii kazi, linatuongezea, maana nyumba hizo tunazijua na nyingine zinakaa viti vya mbele.

Kwa hiyo ule mchezo wa mjomba kumpa mtoto povu la bia Krismasi "aonje tu", watu wakacheka, ukome katika familia zetu. Malaika alipomtokea mama yake Samsoni, katika Waamuzi 13, alimkataza divai kabla hata mtoto hajazaliwa. Mbingu zilianza kulinda mapema. Sisi tunangoja hadi mwalimu mkuu apige simu.

Vepu nayo inauzwa kama kitu safi. "Ni mvuke tu." Huo si mvuke wa sufuria ya chai. Ni kimiminika chenye kemikali kinachopashwa moto, na zaidi ya hayo nyingi zina nikotini. Kichupa kimoja kidogo kinaweza kubeba nikotini ya pakiti nzima ya sigara. Nikotini huzoesha ubongo mchanga haraka kuliko ule wa mtu mzima, na huvuruga umakini, kujifunza na hisia. Kijana atakwambia inamtuliza. Kinachotulizwa ni kiu iliyoletwa na vepu yenyewe. Saa mbili baadaye kiu inarudi na mikono haitulii. Na mapafu je? Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wasioweza kupumua. Kufikia Februari 2020 waliolazwa walikuwa zaidi ya 2,800, na 68 walikuwa wamefariki. Wengi walikuwa wamevuta vepu zenye kemikali ya bangi, iliyochanganywa na aina ya mafuta ambayo hayakupaswa kuingia kwenye mapafu ya mtu.

Bangi ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo inayotetewa hata na waliookoka. "Pasta, ni mmea, Mungu ndiye aliyeuumba." Muhogo mchungu pia ni mmea, na watu wamezika watoto kwa sababu yake. Kuumbwa na Mungu hakukifanyi kitu kuwa chakula cha mtoto.

Sikilizeni hili. Nchini Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuja kuugua skizofrenia kuliko wasiovuta. Huko New Zealand, watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utotoni. Walioanza kuvuta wakiwa vijana na kuendelea miaka mingi walishuka kwa wastani wa pointi 8 katika vipimo vya akili. Wanasayansi wengine wamebishana kama kushuka huko ni kwa bangi peke yake, na ni haki yao kubishana. Mimi kama mchungaji nauliza swali moja: wewe mzazi, uko tayari mtoto wako ndiye awe jaribio? Si kila anayevuta atachanganyikiwa. Lakini hakuna anayejua mapema ni nani atakayechanganyikiwa, na bangi inayouzwa siku hizi mara nyingi ina nguvu kuliko ile waliyoijua babu zetu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike, na najua si wote watakaolipenda.

Kijana akianza kusikia sauti, kushuku kila mtu, kukesha usiku kucha akizungumza peke yake, familia nyingi zetu hufanya mambo mawili. Kwanza wanaficha, ili majirani wasijue. Pili, wakishindwa kuficha, wanamleta kwa maombi, na maombi yakiisha wanamrudisha chumbani na kufunga mlango. Wiki zinapita. Mwezi unapita. Naamini katika maombi ya kufunguliwa, nimeyaona yakitenda kazi, na sitaacha kuweka mikono. Lakini kanisa linalomwekea kijana mikono na kumzuia asione daktari halijamhudumia. Limemwacha nusu njia.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua hata kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akasikia. Mungu alikuwa ameshatoa neno la uponyaji. Hata hivyo Isaya alisema waleteni mkate wa tini, waweke juu ya jipu. Nabii hakuona aibu kutumia dawa baada ya unabii. Na Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Tangu lini daktari akawa adui wa imani?

Basi naomba haya katika ushirika wetu. Mtu yeyote asimwambie kijana aache dawa za hospitali ili kuthibitisha imani yake. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku asifungiwe ndani kwa mfungo wa siku tatu, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Huyo aanze na hospitali, na sisi twende naye tukiomba. Na kijana akichanganyikiwa, apelekwe siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa akili ukitibiwa mapema, nafasi ya kupona vizuri ni kubwa zaidi. Namba ya NACADA ni 1192, haina malipo. Andika kwenye mlango wa friji.

Kuna mjadala wa sheria pia. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18, na sera mpya ya mwaka 2025 ilipendekeza umri uwe 21. Mimi naunga mkono, kwa sababu ya ile slabu niliyowaambia. Lakini tuseme kweli: ile ya 18 tu haitekelezwi mtaani. Na baadhi ya nyumba zinazokodishwa kwa maduka ya pombe karibu na lango la shule ni za watu wanaotoa fungu la kumi. Mwenye sikio na asikie.

Nyumbani, mzazi, zungumza kabla hujakagua. Ukianza na kelele, mtoto atajifunza kuficha vizuri zaidi. Muulize marafiki zake ni akina nani, analalaje, kwa nini alama zimeshuka ghafla, kwa nini pesa ya nauli haitoshi siku hizi. Mithali 23 inamweleza mlevi kama daktari anayesoma dalili: macho mekundu, majeraha yasiyo na sababu, kuona mambo ya ajabu, na akiamka anaitafuta tena. Suleimani aliyatazama macho ya watu. Sisi tunatazama simu. Na ukikuta kitu mfukoni, usimfukuze mtoto. Kijana aliyefukuzwa nyumbani hulala kwa wale wanaomuuzia.

Na wewe kijana unayesoma hili kwa simu ya mamako: hujachelewa. Vijana walioacha bangi kwa mwezi mmoja tu wamepimwa, na kumbukumbu zao zikaonekana kuimarika. Ubongo ambao bado unajengwa unaweza pia kurekebishwa, hiyo ndiyo habari njema ya umri wako. Danieli alianza na siku kumi. Anza na hizo. Zungumza na mtu mzima mmoja unayemwamini, na kama ni mimi, njoo. Mlango uko wazi na sitakutangaza madhabahuni.

Tuombe. Baba, watoto hawa ni wako kabla hawajawa wetu. Linda akili zao wakati zinajengwa. Walionaswa, wafungue. Wape madaktari hekima, wape wazazi macho na subira, na utuondolee sisi watumishi wako kiburi cha kukataa msaada ulioutuma wewe mwenyewe. Katika jina la Yesu.

Kama unakubali, andika Amina, kisha kabla hujalala leo keti na mtoto wako dakika kumi bila simu mkononi. Mbarikiwe.