Mgambo waliotulinda wasiachwe waugue peke yao

Kila mwaka bajeti inaposomwa Kampala na Nairobi, fungu la ulinzi hutajwa kwa mabilioni ya shilingi. Ni nadra kusikia lolote kuhusu mgambo, yaani vijana wa vijijini wanaopewa bunduki baada ya mafunzo mafupi, wakalinda barabara na masoko usiku, kisha siku moja wakaambiwa warudi nyumbani wakalime.

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, pamoja na wenzetu wanaovusha bidhaa Busia na Malaba, tuna deni kwa watu hawa. Mimi nilivushwa mpaka mwaka 1987 nikiwa mtoto, wakati vita vya Teso vilipoanza na jeshi la Alice Lakwena likapitia Tororo likielekea Busoga. Nilisomea Kenya hadi chuo cha ualimu. Nilirudi Molo kufundisha kwa sababu kulikuwa na usalama wa kutosha kurudi, na usalama huo haukuletwa na wanajeshi wa kudumu peke yao.

Tukumbuke yaliyotokea kwa jirani. Juni 2003 waasi wa LRA wa Joseph Kony walipovamia Teso, wananchi waliunda kikosi cha Arrow Boys, Musa Ecweru akiwa mmoja wa viongozi wake. Kule Lango wakaunda Amuka. Wengi walikuwa wakulima, waendesha boda boda na hata walimu. Waliwarudisha nyuma waasi wakishirikiana na jeshi, na kambi za wakimbizi wa ndani zikaanza kupungua. Mwaka 2018, kufuatia mauaji mjini Kampala, Rais Museveni alitangaza kuwarejesha walinzi wa LDU, ambao walilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Nchini Kenya, askari wa akiba wa polisi wa Turkana, Pokot Magharibi na Baringo walibeba bunduki kwa miaka mingi bila mshahara, na mwaka 2019 wengi wao wakanyang'anywa silaha hizo.

Je, mtu wa namna hii akishavua sare hupata nini? Mwanajeshi wa kudumu aliyetimiza miaka yake ana kiinua mgongo au pensheni, na ana hospitali za jeshi. Mgambo mara nyingi hana hata barua ya kuonyesha kwamba aliwahi kutumikia. Arrow Boys wamekuwa wakidai malipo yao kwa miaka mingi. Ikiwa pesa zinazohesabika hazilipwi, ni nani atakayeuliza habari za usingizi uliopotea?

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Mtu aliyeona wenzake wakiuawa, au aliyelazimika kuua, anaweza kubaki na kiwewe miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Huota ndoto za kutisha, hushtuka mlango ukigongwa, huwapiga wanawe bila sababu, hukimbilia waragi ili apate kulala. Kijijini tunasema amerogwa, au ni mlevi tu. Sisi walimu tunayaona matokeo darasani: mtoto anasinzia kwa sababu baba alipiga kelele usiku kucha, na karo haikulipwa kwa sababu baba hawezi kudumu katika kibarua. Huo ni ugonjwa, na ugonjwa una tiba.

Sheria ya afya ya akili ya Uganda ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile iliyotokana na enzi za ukoloni, inataka huduma hii itolewe hadi katika vituo vya afya vya chini. Hata hivyo, mgonjwa wa Molo bado huambiwa aende Mbale, au Butabika kule Kampala. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha familia kwa siku kadhaa. Mtu anayeona haya kusema kwamba anaumwa kichwani hawezi kuanza safari ya namna hiyo.

Kuna na wale waliokwenda Iraq. Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya Waganda, wakiwamo waliokuwa wanajeshi na mgambo, waliajiriwa na makampuni ya ulinzi kulinda kambi za Wamarekani. Wengi wao hawakuambiwa kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inawapa fidia wafanyakazi wa mikataba ya kijeshi nje ya nchi, hata wasio raia wake, na kwamba majeraha ya akili yanahesabiwa. Dai hilo lina muda wake, kwa kawaida mwaka mmoja tangu mtu alipotambua kwamba madhara yake yalitokana na kazi. Mwenye ndugu aliyefanya kazi huko atafute wakili mapema.

Wapo watakaosema kwamba mgambo walijitolea, na kwamba wengine waliwadhulumu raia. Ni kweli kwamba mwaka 2020, wakati wa marufuku ya korona, walinzi wa LDU walilaumiwa kwa kuwapiga wananchi hadi serikali ikawaondoa mitaani wakafundishwe upya. Aliyedhulumu ashtakiwe. Lakini kumpa bunduki kijana asiyepimwa akili, kumlipa kidogo na kumwacha bila ushauri nasaha ni njia ya kuzalisha dhuluma zaidi. Kuhusu kujitolea, serikali ya Uganda imewahi kuwalipa shukrani raia waliosaidia vita vya Luweero vya 1981 hadi 1986, ambao nao hawakuwa na mkataba. Kama kanuni hiyo ni halali kwa Luweero, ni halali kwa Teso pia.

Ninayopendekeza hayahitaji mabilioni. Kwanza, kila mgambo apewe barua inayoonyesha alipotumikia na kwa muda gani, na daftari litunzwe wilayani. Pili, apimwe afya, pamoja na akili, siku anaporudisha silaha. Tatu, kila kituo cha afya cha kata kiwe na muuguzi aliyefunzwa kutibu kiwewe, na dawa zisikosekane. Nne, mgambo anayeishi upande mmoja wa mpaka na kutibiwa upande wa pili asizungushwe. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili lori la mahindi likaguliwe mara moja tu. Binadamu astahili angalau utaratibu kama huo.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Mapema 2008 Wakenya walipokimbia ghasia za uchaguzi, walipokelewa Mulanda, hapa hapa Tororo, kama sisi tulivyopokewa kwao. Tunajua kwamba hofu huvuka mpaka pamoja na mtu. Basi mlinzi wa usiku pale sokoni akishtuka tairi linapopasuka, au mpakiaji wa magunia akianza kuzungumza peke yake, tusimcheke. Mfanyabiashara amwulize alitumikia wapi, na amsindikize hadi zahanati. Madiwani na wabunge watakapokuja kuomba kura, tuwaulize majina ya mgambo wa kata yao na wamewafanyia nini.