Ahadi ya Fundi ni Mali Yake

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, vibaraza vya mafundi cherehani hujaa watu. Wazazi huleta vitambaa vya sare, watoto hupimwa mabega na viuno, fedha hutolewa, na siku ya kuchukua nguo hutajwa. Hiyo ni kazi ya heshima, nayo ni riziki ya wananchi wengi, tangu Kariakoo mpaka katika magulio ya vijijini. Lakini siku iliyotajwa inapowadia, mara nyingi mzazi huambiwa neno moja tu: kesho. Akirudi kesho huambiwa vimebaki vifungo tu. Akirudi mara ya tatu hukuta mlango umefungwa. Shule imekwisha kufunguliwa, na mtoto yuko nyumbani, au ameingia darasani na nguo ya mwaka uliopita isiyomtosha, akichekwa na wenziwe.

Jambo hili limezoeleka hata watu wamelifanya mzaha. Sisi hatuuoni mzaha huo. Mzazi anayezungushwa ni mfanyakazi kama fundi alivyo mfanyakazi. Kila safari anayokwenda bure inamlia nauli na saa za kazi. Na fundi mwenyewe, ingawa leo anadhani ameokoka, anapoteza kitu ambacho hakinunuliwi dukani pamoja na uzi na zipu. Anapoteza kuaminiwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba mafundi ni watu waongo. Wengi wao ni wachapa kazi wanaoinama juu ya cherehani tangu alfajiri hadi usiku. Tukiutafuta mzizi wa ubaya huu tutaukuta katika hesabu. Tuchukue mfano wa fundi anayeweza kushona nguo nne kwa siku. Kwa siku sita za kazi atamaliza nguo ishirini na nne. Fundi huyo akipokea nguo arobaini na kuwaahidi wenyewe wote Jumamosi moja, basi nguo kumi na sita zimekwisha kuahidiwa uongo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hapo hakuna juhudi itakayomwokoa. Umeme ukikatika siku moja, au mtoto wake akiugua, idadi hiyo itazidi.

Kwa nini basi anazipokea? Anazipokea kwa sababu anaogopa kwamba mteja akikataliwa leo hatarudi tena. Anazipokea pia kwa sababu ya arubuni, yaani zile fedha za kwanza anazopewa kabla ya kazi. Kodi ya kibaraza inadaiwa, nyumbani wanasubiri unga, na mteja amesimama mbele yake na noti mkononi. Fedha ya mteja wa pili ikanunua bitana ya mteja wa kwanza, na fedha ya wa tatu ikanunua uzi wa wa pili. Fundi aliyefika hapo ameingia katika deni lisiloonekana, na kila asubuhi anafungua kazi akiwa tayari yuko nyuma. Wahenga walisema ahadi ni deni; kwa fundi huyu maneno hayo si methali, ni hesabu ya kweli.

Dawa ya kwanza ni daftari. Wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la fundi halihitaji elimu kubwa. Liandikwe jina la mteja, vipimo vyake, aina ya mshono, urefu wa kitambaa kilicholetwa, bei iliyokubaliwa, arubuni iliyotolewa na siku ya kuchukua. Mteja ayaone maandishi hayo na apewe nakala yake, japo kwenye kipande cha karatasi. Siku hizi wengi hulipa kwa simu, na tangu huduma hizo zianze nchini mwaka 2008 ujumbe wa malipo umekuwa shahidi mzuri. Lakini ujumbe huo husema fedha tu. Hausemi kama shati lilikuwa la mikono mirefu au mifupi. Ugomvi mwingi wa vibarazani huzaliwa na mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenziwe ameyaelewa.

Dawa ya pili ni kuhesabu siku kabla ya kuzitaja. Fundi aliyejaza Jumamosi yake aseme wazi kwamba nafasi iko Jumatano ijayo. Wapo watakaoondoka. Watakaobaki watazipata nguo zao, na hao ndio watakaorudi na jirani zao. Fundi aliyezidiwa anaweza pia kumpa mwenzake sehemu ya kazi, kwani mafundi wa mtaa mmoja wakisaidiana huo ndio ushirika. Ila mteja aambiwe mapema ni mkono wa nani utakaoshona nguo yake. Na dharura ikitokea, mteja apelekewe habari kabla ya siku yenyewe. Mtu aliyearifiwa Alhamisi kwamba nguo itachelewa huwa na subira, lakini yule aliyelipa nauli Jumamosi ili aje kusikia maneno hayo hayo, hasira yake ina haki.

Dawa ya tatu ni uaminifu juu ya kitambaa chenyewe. Kitambaa kilicho mikononi mwa fundi ni amana. Vipande vinavyobaki baada ya kukata ni mali ya mwenye kitambaa, na haifai kabisa mteja aambiwe kwamba kitambaa kilipunguka, kisha aone rangi ile ile katika nguo ya mtoto wa mtu mwingine. Kosa la vipimo likiwa la fundi, alitengeneze bila malipo. Lakini mteja aliyebadili mshono baada ya kitambaa kukatwa, huyo alipie mabadiliko yake.

Mambo haya hayakuachwa kwenye hiari ya watu peke yake. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara, inatambua makubaliano ya mdomo kuwa mkataba ikiwa masharti ya mkataba yametimia. Inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe aitunze kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angaliitunza mali yake mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inamlinda fundi pia: aliyetia ujuzi na jasho lake katika mali aliyokabidhiwa, akaimaliza kazi kama walivyopatana, anaweza kuizuia mali hiyo hadi alipwe ujira wake, isipokuwa kama walipatana vingine. Sheria ya India ya mwaka 1872, ambayo yetu imetokana nayo, ilieleza jambo hili kwa mfano wa fundi wa nguo: akiwa yeye mwenyewe alikubali kutoa koti mara tu litakapokwisha na kungoja malipo miezi mitatu, hawezi tena kulizuia. Fundi na afahamu kwamba haki ya kuzuia si haki ya kuuza. Anayetaka sharti la nguo zisizochukuliwa, amwambie mteja siku ya kwanza na aliandike katika daftari.

Sasa tunawageukia wateja, kwa maana lawama haikai upande mmoja. Kuna usemi wa kibiashara kwamba mteja ni mfalme. Sisi hatuukubali. Nchi hii haikupigania uhuru ili fundi awe mtwana wa mwenye kitambaa. Wote wawili ni raia waliopatana, na kila mmoja ana lake la kutimiza. Mteja anayeleta kitambaa jioni akitaka nguo asubuhi, anayepunguza bei baada ya kazi kwisha, au anayeiacha nguo miezi mingi huku fundi amekwisha kutoa fedha yake kununua bitana na vifungo, huyo anakula jasho la mwenziwe. Mwenye kiwanda akizuia ujira wa mfanyakazi tunamwita mnyonyaji. Hatuoni jina jingine la kumpa mfanyakazi anayemfanyia fundi vivyo hivyo.

Tunasema kwa uchungu zaidi juu ya wale wanaotaja vyeo vyao mbele ya cherehani. Wako wanaoagiza sare za mkutano au za sherehe, wakachukua nguo zote kwa ahadi ya kulipwa baadaye, na sherehe ikaisha bila fundi kuona hata senti. Akiuliza, huulizwa yeye kama hajui anazungumza na nani. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, zilizorithiwa na Chama Cha Mapinduzi mwaka 1977, imo ahadi ya kusema kweli, na imo ile ya kutokitumia cheo kwa faida ya mtu binafsi. Ahadi hizo hazikuwekwa zisomwe mikutanoni tu. Zinapimwa kwenye kibaraza cha fundi, siku ya kulipa. Balozi wa shina anayepata malalamiko ya namna hii asiogope cheo cha mtu. Awaite wote wawili, daftari lifunguliwe, na haki itendeke.

Liko jambo kubwa zaidi ya nguo ya mtu mmoja. Tangu masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba na nguo zilizoshonwa tayari zimeingia kwa wingi katika masoko yetu. Mnunuzi wa nguo hizo haambiwi kesho. Analipa, anachukua, anakwenda. Fundi wetu anayo silaha ambayo nguo hizo hazina: anashona kwa kipimo cha mwili wa mtu, na kwa mshono autakao mwenyewe. Silaha hiyo haimsaidii ikiwa nguo haipatikani siku inapotakiwa. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo waweza kununua cherehani, lakini deni lake litalipwa na wateja wanaorudi. Kwa hiyo tunawashauri wanaoyafundisha makundi hayo wafundishe kukata na kushona, na pamoja na hayo wafundishe kuandika daftari, kupanga siku na kukataa kazi isiyowezekana.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba nchi hujengwa kwa juhudi za watu wake, na kwamba fedha ni matunda ya juhudi hizo. Fundi mwenye cherehani moja chini ya kibaraza ni mjenzi wa nchi kama mwenziwe wa kiwandani. Basi na atimize neno lake, na anayemtumikisha amlipe kwa wakati. Januari itarudi tena, na watoto watahitaji sare. Hesabu ya siku ianze kufanywa sasa.